Wateja wakubwa wa forodha: mpango wa upendeleo unaopima mwenendo katika mipaka ya Busia na Malaba

Malori mawili yanaweza kutoka bandari ya Mombasa siku moja yakiwa na shehena inayofanana, moja likapita mpaka wa Kenya na Uganda bila kontena lake kufunguliwa, na jingine likaelekezwa kando kwa ukaguzi. Mara nyingi tofauti haitokani na bidhaa zilizomo. Inatokana na jina la mwenye mali, na rekodi ambayo jina hilo limejiwekea kwa mamlaka za kodi za nchi mbili.

Kwa wakazi wa wilaya ya Tororo, wakiwemo wale wa kaunti ndogo ya Molo, foleni ya malori ni jambo la kawaida kama msimu wa mvua. Malaba iko upande wao. Busia iko kusini zaidi. Kupitia vituo hivyo viwili hupita sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda inayoshushwa Mombasa, pamoja na mingine inayoendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Ni hapo panapoonekana vizuri jinsi taasisi inavyoweza kuwapa wateja wake wakubwa sababu ya kubaki.

Jina linalofungua njia

Mpango huo hufahamika kimataifa kwa herufi AEO, yaani wafanyabiashara walioidhinishwa na forodha. Chimbuko lake ni hofu iliyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, serikali zilipoanza kujiuliza ni nini kinachosafirishwa ndani ya mamilioni ya makontena. Kuyafungua yote kusingewezekana. Mwaka 2005 Shirika la Forodha Duniani lilipitisha mfumo wa viwango uitwao SAFE, ambao wazo lake ni jepesi: anayejulikana na kuaminika apite haraka, ili maafisa wapate muda wa kumkagua asiyejulikana.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilianzisha mpango wake mwaka 2013. Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mipango kama hiyo, na upo pia utaratibu wa kikanda unaoiwezesha kampuni iliyoidhinishwa kutambuliwa nje ya nchi yake. Waagizaji, wasafirishaji, wenye maghala na mawakala wa forodha wote wanaweza kuomba.

Uanachama hauuzwi. Mwombaji huchunguzwa kwanza: je, amekuwa akitangaza thamani halisi ya mali yake? Vitabu vyake vya hesabu vinafuatilika kutoka ankara hadi ghala? Ana uwezo wa kulipa madeni yake? Ghala lina ulinzi, na lakiri za makontena husimamiwa na nani? Hata wafanyakazi na washirika wake wa biashara huangaliwa. Kampuni inayoagiza mali nyingi lakini yenye hesabu za ovyo hukosa nafasi hiyo, ilhali yenye mizigo ya wastani na nyaraka safi huweza kuipata.

Hapo ndipo mpango huu unapotofautiana na kadi nyingi za wateja katika maduka ya eneo hili. Kadi ya dukani hupima jambo moja tu, kiasi cha fedha kilichotumika, na hulipa kwa pointi. Nakumatt, mtandao wa maduka makubwa wa Kenya uliokuwa pia na matawi Uganda, ulikuwa na kadi ya aina hiyo iliyojulikana sana. Rafu zilipoanza kubaki tupu mwaka 2017, pointi hazikumzuia mteja kuvuka barabara na kununua kwingine, na mwaka 2020 wadai wa kampuni waliamua ifilisiwe. Zawadi haiwezi kufidia huduma iliyoanguka.

Thamani ya siku moja

Anachopewa mfanyabiashara aliyeidhinishwa ni muda na uhakika. Shehena yake hukaguliwa kwa nadra, nyaraka zake hushughulikiwa kwanza, na panapozuka utata huwa na afisa wa kumwendea moja kwa moja. Ukaguzi haufutwi, huhamishiwa baadaye, katika vitabu vya kampuni, wakati mali imekwisha kufika ghalani. Nchini Uganda upo pia msamaha wa kodi ya zuio ya asilimia 6, ambao kwa mwagizaji mkubwa una maana ya fedha kubaki mkononi mwake badala ya kusubiri kurejeshewa.

Asiyewahi kuendesha biashara ya mizigo anaweza kudhani siku moja ya kungoja ni jambo dogo. Kiwanda cha saruji kule Tororo kinachosubiri malighafi kutoka nje hakioni hivyo. Lori lililosimama lina mkopo wa benki usiosimama, dereva anayehitaji posho, na kontena ambalo kampuni ya meli huanza kulitoza likichelewa kurudishwa. Zaidi ya gharama hizo kuna kutojua: anayeweza kutabiri siku ya kufika kwa mali huweka akiba ndogo ghalani, na fedha zake huzunguka haraka zaidi.

Pengine mtu atauliza kwa nini mamlaka ya kodi ijali uaminifu wa wateja, ikiwa hakuna mamlaka nyingine ya kulipa. Jibu ni kwamba mteja ana mahali pa kwenda. Mwagizaji wa Kampala anaweza kuacha njia ya Mombasa na kutumia bandari ya Dar es Salaam, akiingia Uganda kupitia Mutukula. Bandari hizo mbili zimekuwa zikigombea mizigo ya nchi zisizo na bahari kwa miongo mingi. Na lipo chaguo la pili ambalo forodha hulichukia zaidi: njia za panya.

Barabara ni moja

Udhaifu wa mpango ulionekana wazi Januari 2022. Madereva walipogomea masharti na malipo ya vipimo vya corona mpakani, foleni ya Malaba ilirudi nyuma kwa makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Hadhi iliyosajiliwa katika kompyuta za forodha haikuweza kulirusha lori juu ya mengine. Upendeleo wa nyaraka bila njia yake barabarani huishia pale lori la mbele linaposimama, na huu ni upungufu ambao wasanifu wa mipango ya aina hii huusahau kwa urahisi. Huduma ya pamoja ikiharibika, iliyo bora huharibika nayo.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa kwa ajili ya wote imekuwa na uzito wake. Chini ya himaya moja ya forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, kodi za bidhaa zinazoingia Uganda hukadiriwa na kulipwa mali ikiwa bado bandarini. Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja na msafiri husimama mara moja tu.

Suala la haki halijamalizika. Ukiitazama Busia asubuhi, wengi wanaovuka ni wachuuzi wadogo, aghalabu wanawake, wakiwa na mahindi, samaki au nguo. Watu wenye ulemavu huwavushia mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kwao Jumuiya iliweka utaratibu rahisi wa biashara: bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na asili ya nchi wanachama, huvuka kwa cheti chepesi cha uasilia kinachotolewa papo hapo mpakani, bila ushuru wa forodha.

Cheti hicho, hata hivyo, huhudumia mzigo mmoja. Mwagizaji mkubwa anayefuata sheria kwa miaka mitano hujijengea jina linalompunguzia ukaguzi. Mama anayevusha magunia yake kihalali kila wiki kwa miaka hiyo hiyo hujaza fomu upya kila safari, na afisa aliyehamishiwa kituoni jana humpokea kana kwamba hajawahi kupita hapo.