Mali Bila Daftari

Msomaji, ukiondoka katika mji wa Isiolo ukaufuata mto Ewaso Nyiro kwenda mashariki, utafika Merti, na mbele yake utafika Korbesa, katika nchi ya Waborana, huko mto unakoelekea kwenye kinamasi cha Lorian. Nchi ni kavu, na mvua yake ni haba tena haina ahadi. Mgeni apitaye kwa gari huona vumbi, miti ya miiba na ng'ombe wachache kwa mbali, kisha huandika kuwa hapa pana umaskini. Hakuyaona maziwa yaliyonywewa alfajiri, wala hakuyauliza.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa wenye maduka, lakini yawahusu wataalamu wa uchumi vilevile. Nchi nayo ina daftari lake, ambamo huandikwa pato la kila mwaka, na kwa daftari hilo hukatwa shauri la wapi pajengwe barabara, shule na hospitali. Yatupasa basi kuuliza: ni nani aliyeandika habari za wafugaji katika daftari hilo, naye alihesabu nini?

Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Melville Herskovits, alitoa utafiti juu ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Aliuandika kwa kusoma vitabu vya watu wengine, kabla hajazifikia nchi hizi kwa miguu yake. Alieleza jinsi ng'ombe alivyofungamana na ndoa, matambiko na heshima ya mtu. Maneno yake hayakuwa ya uongo, lakini wengi waliomfuata waliyageuza yakawa hukumu: kwamba mfugaji wa Kiafrika humpenda ng'ombe kupita kiasi, hataki kumwuza, na kwa hiyo hajui uchumi.

Sasa fikiri kidogo. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni iliizungushia nchi ya kaskazini karantini za mifugo, kwa sababu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe. Maradhi yalikuwapo kweli. Lakini karantini hizo ziliwalinda pia walowezi wenye mashamba makubwa, wasishindane sokoni na ng'ombe wa wafugaji. Mwenye ng'ombe alizuiwa kuwapeleka sokoni, kisha akalaumiwa kwa kutouza. Aliyesoma daftari la mauzo tu aliona uvivu. Aliyeujua mlango uliofungwa angaliona jambo jingine.

Uhuru ulipokuja, daftari halikubadilika upesi. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ulioeleza siasa ya Ujamaa wa Kiafrika nchini Kenya, ulishauri fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Shauri hilo lilionekana la busara. Lakini pato la nchi kavu lilikuwa halijahesabiwa sawasawa, na kisichohesabiwa huonekana kama hakipo.

Wakati huohuo Isiolo ilikuwa katika msiba. Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, vilileta amri ya kuwakusanya watu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mifugo ilikosa malisho. Wengine walipigwa risasi, wengine walichukuliwa, na ngamia wengi sana walipotea. Waborana wa Isiolo huziita siku zile Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, mateso ya watu wa kaskazini yaliandikwa humo. Lakini mtu atadaije ngamia ambao hakuna kitabu kilichowahi kuwaandika? Hapo ndipo methali ya wahenga inapouma.

Hata hivyo elimu hujirekebisha ikipata watu wenye subira. Mwaka 1976 Gudrun Dahl na Anders Hjort, wa Chuo Kikuu cha Stockholm, walitoa kitabu juu ya ukuaji wa mifugo na uchumi wa nyumba ya mfugaji. Walikusanya hesabu za kuzaa, kufa na kukamuliwa, wakauliza swali rahisi: jamaa moja yahitaji wanyama wangapi ili iishi? Mwaka 1979 Dahl alitoa kitabu kingine, juu ya Waborana wa Waso wenyewe, yaani watu wa mto huu wa Korbesa.

Tutoe mfano wa kufikirika ili jambo hili likae wazi. Mtu ana ng'ombe majike kumi, na wanne wana maziwa. Kila mmoja, baada ya ndama kupata haki yake, hutoa lita 2 kwa siku, kwa muda wa siku 150. Jumla ni lita 1,200. Mwaka huo mtu huyo aliuza fahali mmoja mnadani. Daftari la soko litaandika fahali mmoja, basi. Lita 1,200 zilizolea watoto hazimo. Je, mtu huyu ni maskini kwa kadiri daftari lisemavyo?

Mwaka 2011 wataalamu wawili, Roy Behnke na David Muthami, walifanya hesabu upya kwa ajili ya jumuiya ya IGAD. Waliona kwamba mchango wa mifugo katika pato la Kenya mwaka 2009 ulikuwa kama mara mbili na nusu ya ule ulioandikwa na serikali, na kwamba maziwa ndiyo yaliyokuwa na thamani kubwa kuliko mazao yote mengine ya mifugo. Mali ilikuwapo siku zote. Lililopungua ni swali.

Utalii nao una somo lilelile. Fedha za watalii waingiao Buffalo Springs na Shaba, katika Isiolo hiyohiyo, huhesabiwa langoni bila taabu. Lakini wanyamapori hawajui mpaka; hutoka wakala nyasi katika malisho ya wafugaji. Malisho hayo yamedumu kwa sababu watu walijizuia. Baraza la wazee liitwalo dedha hukata shauri wapi palishwe wakati wa mvua, na wapi pahifadhiwe, hasa karibu na mto, hadi wakati wa kiangazi. Kazi ya wazee hao haina tikiti, kwa hiyo haimo katika hesabu ya utalii.

Sikuambii kwamba maisha ya Korbesa ni mepesi. Ukame huua mifugo, na mtu huamka fukara aliyelala tajiri. Lakini msaada wenye akili huanza kwa hesabu ya kweli.

Huenda siku moja, msomaji, utaketi katika kitivo cha biashara na uchumi, ukatumwa kwenda kufanya utafiti mahali kama Korbesa. Utapewa karatasi za maswali. Zijaze kwa uaminifu. Kisha ziweke chini, uketi na mama akamuaye ng'ombe, umwulize ni kitu gani karatasi zako hazikuuliza. Ukimaliza kazi yako, rudi umsomee ulichoandika, maana mali ni yake, na ni haki yake kujua imeandikwaje.