Gothiki bafuni: mwambie fundi "tao la ncha"

Mwambie fundi wa Mwanza kwamba unataka bafu la gothiki, naye atakuuliza rangi nyeusi ndoo ngapi. Picha za simuni ndizo zilizomfunza hivyo: ukuta mweusi, mishumaa, kioo chenye fremu iliyochongwa.

Weusi huo ulikuja baadaye. Mtindo wenyewe ulichipuka miaka ya 1140 katika kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, na kilichotafutwa pale ni mwanga. Jina likaja karne ya 16 kama tusi: Waitalia, Giorgio Vasari akiwemo, waliyanasibisha majengo hayo na Wagothi walioiteka Roma. Giza na mizuka vililetwa na riwaya, hasa The Castle of Otranto ya Horace Walpole, ambayo toleo lake la 1765 lilijiita hadithi ya kigothiki.

Kwa jina la mtindo, "gothiki" inatosha. Kazini inahitajika istilahi ya umbo, nami nachagua "tao la ncha". Tao la nusu duara husukuma kuta kwa nje; la ncha huteremsha sehemu kubwa zaidi ya uzito chini, ndiyo maana ukuta uliweza kutobolewa madirisha marefu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa 1897 hadi 1902, lina matao ya ncha. "Tao la kigothiki" nalikataa, maana umbo hili lipo pia katika magofu ya misikiti ya Gede na Kilwa Kisiwani, na mabwana wa Kilwa hawakuazima kitu Paris. (Husuni Kubwa, jumba lao la karne ya 14, lilikuwa na birika la kuogea la pembe nane. Anasa hiyo!)

Kuchora tao la ncha ni rahisi. Kwa shubaka la kioo lenye upana wa sm 60, piga msumari kila upande pale tao linapoanzia, funga uzi wa sm 60, zungusha kutoka kila msumari. Mistari itakutana sm 52 juu. Lipigwe plasta ya saruji, si jipsamu, ambayo unyevu wa bafuni huilegeza. Dirisha likitazama ziwa, kama kule Capri Point, Mwanza, weka vioo vya rangi. Weusi uachie fremu na mabomba. Kwenye vigae vyeusi, povu la sabuni likikauka huacha madoa yanayoonekana toka mlangoni.