Mashapo ya Minamata na Historia ya Kutathmini Sumu ya Bahari

Makala hii inachunguza funzo lililoachwa na Ghuba ya Minamata, Japani, kuhusu namna ya kutathmini sumu katika mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya bahari. Hoja yake ni kwamba kemia hubainisha kilichomo topeni, lakini madhara yake hushuhudiwa na viumbe hai.

Kuanzia 1932 hadi 1968, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengenezea asetaldehidi na kumwaga majitaka baharini. Ugonjwa wa neva uliowakumba wakazi uliripotiwa rasmi Mei 1956. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuta metali nyingi katika mazingira ya ghuba, wakashuku manganizi, seleniamu na taliamu. Hivyo vipimo vya kemikali viliongeza washukiwa badala ya kuwapunguza. Mwaka 1957 paka waliolishwa samaki na kombe wa ghuba hiyo waliugua kama binadamu. Njia ya sumu ikadhihirika kabla sumu yenyewe haijajulikana.

Mwaka 1959 watafiti hao waliitaja zebaki ogani. Tope la karibu na mfereji wa Hyakken lilikuwa na takriban kilo 2 za zebaki kwa kila tani. Mwaka huohuo daktari wa hospitali ya kampuni, Hosokawa Hajime, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, naye akaugua. Matokeo hayo hayakutangazwa. Serikali ilikiri chanzo hicho Septemba 1968, na kwa miaka hiyo tisa wakazi waliendelea kudhurika.

Kati ya 1977 na 1990, takriban mita za ujazo milioni 1.5 za tope lenye zebaki inayozidi sehemu 25 kwa milioni zilishughulikiwa, na hekta 58 za bahari zikafukiwa. Kiwango hicho kilihesabu zebaki yote kwa jumla, ilhali aina ogani ndiyo hasa hujilimbikiza katika minofu ya samaki.

Mwaka 1985, Edward Long na Peter Chapman, wakitafiti Puget Sound, Marekani, walipendekeza ushahidi wa aina tatu usomwe kwa pamoja: kemikali za mashapo, majaribio ya sumu kwa viumbe maabarani, na hali ya jamii ya wanyama waishio topeni. Ushahidi huo ukiafikiana, uamuzi huwa na msingi imara. Ukihitilafiana, uchunguzi huendelea.

Mkataba wa Minamata wa 2013 unagusa pia uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambamo zebaki ingali ikitumika Tanzania, Uganda na Kongo. Kwa watunga sera wa ukanda huu, funzo ni mawili: kiwango cha kemikali kisitumike peke yake kutangaza usalama wa maji, na matokeo ya majaribio ya viumbe yawe mali ya umma tangu siku yanapopatikana.