Toka Nyangi hadi Ren'Py: gemu ya mtu mmoja hupimwaje?

Haya wasomaji, leo tuyaache mambo ya simu kidogo. Hapa Isiolo kuna kijana anayetengeneza riwaya ya picha, yaani gemu ambayo unasoma mazungumzo, wahusika wanajitokeza kwenye skrini, kisha unachagua la kujibu. Hadithi yake ni ya maziwa ya ngamia yanayopakiwa kwenye basi alfajiri kwenda Eastleigh. Anatumia Ren'Py. Sasa watu wamemwambia hiyo si programu halisi, na anataka kufuta kila kitu aandike injini yake mwenyewe. Akaniuliza: nimefika wapi?

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya 3D ambayo ndani yake Nyangi anatafuta vitu vya kale vya Afrika. M-Pesa ilizaliwa mwaka huo huo. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Kenya mwaka 2009, kwa hiyo wakati huo intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Kupakua zana kubwa halikuwa jambo la jioni moja.

Gemu hiyo ilisifiwa zaidi kwa kuwa ya mwanzo. Kipimo hicho mimi sikipendi sana. 3D inakula nguvu za mtu: kamera, mwanga, vitu visipitane kama mizimu. Kirinya alistahili sifa kwa kuifikisha kwa mchezaji, maana miradi mingi ya aina hiyo hufia kwenye diski ya mwenyewe.

Kumbe tangu 2004 Mmarekani Tom Rothamel alikuwa anagawa Ren'Py bure. Jina limeunganisha neno la Kijapani la mapenzi, ren'ai, na Python. Unaandika hadithi katika faili ya maandishi matupu, nayo injini inashughulika na kuhifadhi mchezo, kurudi nyuma na kutafsiri. Mwaka 2022 toleo la 8 lilihamia Python 3. Doki Doki Literature Club ya 2017 ilitengenezwa kwa zana hii hii, na sijasikia mtu akisema Dan Salvato si mtengenezaji.

Kirinya naye mwaka 2009 alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti, na baadaye wakatoa Africa's Legends, vibonzo pamoja na gemu za simu. Simu ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu.

Basi nikaifungua kazi ya kijana. Ren'Py ina kikaguzi kiitwacho Lint kinachohesabu mazungumzo na maneno, na kutaja picha zisizopatikana. Tahadhari hapa: usilinganishe idadi ya maneno na gemu za Kiingereza. "Sitakusahau" kwetu ni neno moja, kwao ni matano. Hesabu vipande vya mazungumzo.

Vipande anavyo vya kutosha. Mandhari nzuri pia, hata nyingi kupita kiasi. Tatizo ni menyu ya kwanza: ina majibu matatu, na mawili yanaruka kwenda lebo ambazo hazipo. Ukimchagua dereva wa basi, gemu inaanguka papo hapo.

Katawa Shoujo, nayo ya Ren'Py, timu yake iliundwa 2007 na gemu nzima ikatoka Januari 2012. Lakini sehemu ya kwanza walishaitoa 2009, ikichezeka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo ninapompima huyu wetu: hana bado njia hata moja iliyokamilika. Injini mpya haitampa njia hiyo, itamrudisha kuchora herufi kwenye skrini.

Nimemwambia aandike lebo mbili zile, afuate njia ya dereva mpaka basi lifike Eastleigh, kisha aijaribu kwenye simu ya Android ya bei ya chini, si kwenye laptopu yangu. Amesema wiki mbili. Faili zake hajazifuta.