Pembetatu yenye Pembe Butu: Toka Euclid hata Al-Kashi

Euclid, aliyetunga vitabu 13 vya Stoicheia, yaani Misingi, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aligawa pembetatu mafungu matatu: yenye pembe mraba, yenye pembe butu, na yenye pembe kali tatu. Pembe butu huipita pembe mraba kwa ukubwa, wala pembetatu haiwezi kuwa na mbili za namna hiyo, kwa kuwa pembe zake zote pamoja ni sawa na pembe mraba mbili tu.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Wayunani waliiita amblys, kama kisu kilichokwisha makali, na Walatini wakafuata maana iyo hiyo. Waarabu waliiita munfarija, yaani iliyotanuka. Kiswahili, kilichotwaa maneno mengi ya elimu katika Kiarabu, hapa chasema butu, kikakutana na Wayunani.

Pembetatu hii ina tabia yake: kimo kikishushwa kutoka ncha ya pembe kali, hakianguki ndani, bali nje, juu ya upande wa pili uliorefushwa. Tuseme pande zinazoshika pembe butu ni 4 na 13, na upande wa tatu 15. Upande wa 4 ukirefushwa kwa 5, kimo chake huwa 12. Mraba wa 15 ni 225; miraba ya 4 na 13 pamoja ni 185. Ziada ni 40, nayo ni mara mbili ya 4 kwa 5. Hiyo ndiyo hoja ya 12 ya kitabu cha pili. Hoja ya 13 yahusu pembe kali, na huko huondolewa badala ya kuongezwa. Euclid hakuandika hoja mbili kwa kukosa ustadi. Kwake kila kiasi kilikuwa mstari au eneo la kuchorwa, na eneo lililopungua sifuri halichoreki.

Misingi ilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar zama za Harun al-Rashid, kisha na Ishaq ibn Hunayn, na tafsiri hiyo ikasahihishwa na Thabit ibn Qurra. Mwaka 1427, huko Samarkand, al-Kashi alimaliza Miftah al-Hisab, aliyomtunukia Ulugh Beg. Humo kipande cha nje na kimo hupatikana kwa majedwali ya saini, bila kupimwa katika mchoro. Wafaransa hata leo huiita kanuni hii kwa jina lake. Heshima hiyo ni haki yake kwa hesabu. Hoja yenyewe ni ya Euclid. Na bado pembe butu ilikuwa na njia yake, pembe kali yake.

Njia hizo ziliungana kosaini ilipopewa alama ya hasi, kama ilivyo katika kitabu cha Euler cha mwaka 1748. Kosaini ya pembe butu ya mfano ule ni 5/13 chini ya sifuri. Na kuondoa kilicho chini ya sifuri ni kuongeza, hata zile 40 zikarudi mahali pake.