Nyoka mla mayai: anajifanya vipera, lakini hana sumu

Wakaaji wa Kanyabayonga na vijiji vingine vya wilaya ya Lubero wanakutana na nyoka wakati wa kulima, kukata kuni ao kufungua nyumba iliyokaa miezi bila mtu. Vita ilipofika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbia. Shamba likiachwa hivyo, majani yanapanda, na nyoka anapata pa kujificha. Mwenye shamba akirudi na kumuona, jibu mara nyingi ni moja: mupanga. Lakini kati ya wanaouawa, kuna mmoja ambaye hawezi kumzuru mtu. Ni nyoka mla mayai.

Ni nyoka wa namna gani?

Watu wa sayansi wanaita jamii yake Dasypeltis. Aina moja, Dasypeltis atra, ni ya milimani: inaishi mashariki ya Kongo, Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Ni mwembamba, na wengi hawafike metre moja. Rangi yake si moja: kuna wa kahawia, kuna wenye wekundu, kuna weusi kabisa. Anatembea zaidi usiku; mchana anajificha chini ya mawe, ndani ya magogo ao kwenye ganda la mti.

Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Hali panya, hali kifaranga. Meno yake ni madogo sana, ni kama hana. Anameza yai zima, hata likiwa kubwa kupita kichwa chake. Likifika kooni, mifupa ya uti wa mgongo inayochomoza ndani inapasua ganda. Maji ya yai yanashuka tumboni, kisha anatapika ganda likiwa limekunjamana. Yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wao. Wanatafuta viota vya ndege wadogo. Mayai yakikosekana, anaweza kukaa miezi bila kula.

Anajikinga namna gani?

Kwa kuwa hana sumu wala meno ya kuuma, amebaki na silaha moja: kutisha. Kwanza anajikunja mikunjo mikunjo, mmoja kando ya mwingine. Kisha anaisugua. Magamba ya ubavuni yana meno kama ya msumeno, na yakisuguana yanatoa sauti kama mafuta yanayokaanga. Anapanua kichwa hadi kinafanana na cha vipera. Ukimkaribia tena, anafungua kinywa wazi na kujirusha mbele. Yote hayo ni vitisho tu. Mtu akirudi nyuma na kutulia, naye anatafuta njia ya kukimbia.

Je, mtu anaweza kumtambua?

Hapa ndipo shida iko. Wengi wanasema nyoka wa sumu anajulikana kwa jicho: likiwa na mstari wa kusimama, ni hatari, likiwa la duara, hakuna shida. Kipimo hicho kinadanganya. Mla mayai hana sumu, lakini jicho lake lina mstari wa kusimama. Vipera wa usiku, anayeitwa Causus, ana sumu, na jicho lake ni la duara. Tena wawili hawa wanaweza kufanana hata kwa madoa ya mgongoni. Rangi nayo haisaidie: kuna nyoka mdogo mweusi wa ndani ya udongo, Atractaspis, mwenye sumu, na hata ukimbana nyuma ya kichwa bado anaweza kukuchoma kwa jino la pembeni.

Kwa hiyo sheria ni moja kwa nyoka wote: usimshike, usimpige, rudi nyuma hatua kadhaa na umuachie njia. Ukitaka kumuangalia, muangalie ukiwa mbali. Mtu anayemkaribia nyoka ili amuue anajiweka mwenyewe pahali pa kuumwa. Shambani vaa mabote, usiku beba tochi, na usitie mkono chini ya jiwe ao ndani ya kuni usipoona.

Na mtu akiumwa?

Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba sumu ya nyoka inaua watu kati ya 81.000 na 138.000 kila mwaka duniani. Katika mwaka wa 2017 lilitia shida hii katika orodha ya magonjwa ya inchi za joto yaliyosahauliwa.

Aliyeumwa atulie, asitembee sana. Mtoe pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu. Jiwe nyeusi haliondoe sumu, linapoteza saa tu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama mnafikiri nyoka hakuwa wa sumu. Hakuna haja ya kumkamata nyoka. Inatosha kueleza mlivyomuona.