Asili ya Neno Omby Kisiwani Madagaska

Neno omby, ambalo ndilo jina la ng'ombe katika Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini, halikutoka Asia pamoja na lugha ya Kimalagasi yenyewe. Lugha hiyo, kama alivyobainisha Otto Christian Dahl mwaka 1951, ina undugu wa karibu na Kimaanyan cha kusini mwa Borneo, na hata namba zake ni za huko. Lakini yanapotajwa majina ya mifugo, msemaji wa Kiswahili huyatambua mara moja, kwa kuwa omby ni ng'ombe, ondry ni kondoo, akoho ni kuku na amboa ni mbwa. Katika omby, sauti ng' ya mwanzo ilidondoka na irabu e ya mwisho ikawa i, ambayo Wamalagasi huiandika y mwishoni mwa neno. Shina hilo limeenea mbali barani Afrika, kwani Wasukuma na Wakikuyu husema ng'ombe, Waherero wa Namibia ongombe na Wazulu inkomo.

La ajabu zaidi ni kwamba wahamiaji kutoka Asia hawakukosa neno lao. Wamalei humwita ng'ombe lembu, na wanaisimu hulihusisha neno hilo na lambo la Kimalagasi. Ila lambo humaanisha nguruwe mwitu, ishara kwamba jina la zamani lilihamia kwa mnyama mwingine, na ng'ombe alipofika kutoka Afrika akaja na jina lake.

Mapokeo ya Imerina, ufalme wa nyanda za juu, yana maelezo mengine. Husimuliwa kwamba Ralambo, mfalme wa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, ambaye jina lake limebeba neno lilo hilo lambo, ndiye aliyeanzisha ulaji wa nyama ya ng'ombe na kubadili jina jamoka kuwa omby, neno ambalo kwa Kimalagasi humaanisha pia kuenea ndani ya kitu, kama mifugo inavyoenea zizini. Kama maelezo ya asili ya neno, hayawezi kukubaliwa, kwa kuwa Wasakalava wa magharibi, ambao hawakuwa chini ya Ralambo, husema aomby, na ng'ambo ya bahari neno lilikuwapo tayari. Thamani ya simulizi hilo imo katika siasa, kwani Ralambo huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa alijitengea vodihena, yaani nyama ya sehemu ya nyuma ya ng'ombe aliyechinjwa, iwe haki ya mfalme.